Kibandiko Chekundu

Ngazi ya chuma ililia kabla mtu hajaonekana. Siku nyingine mlio wake humezwa na mashine ya posho iliyoko ghorofa ya chini, lakini Jumamosi hiyo mwenye mashine alikuwa amekwenda matangani, na kila hatua ikasikika peke yake: kisigino kigumu, kisigino kilicholegea, kigumu, kilicholegea. Shivachi alisimama kati ya rafu mbili, brashi ya gundi mkononi, akasikiliza. Mwenye viatu hivyo alimjua. Kwa wiki kumi na moja alikuwa akizingoja hatua zile kama watu wa kwao Isukha wanavyoingoja ngoma siku ya kupiganisha fahali. Leo, kwa mara ya kwanza, alitamani zigeuke zirudi zilikotoka.

Mbele yake kulikuwa na kitabu kilichofunguliwa ukurasa wa mia mbili na kumi. Juu ya ukurasa huo kulilala kipande cha karatasi nyekundu, upana wake hauzidi vidole viwili.

Maktaba ile ya sheria, chumba kimoja kirefu pale Riruta Satellite, ilikuwa mali ya Mzee Kavoi, wakili mstaafu aliyekataa kuviuza vitabu vyake alipofunga ofisi mjini. Aliwafungulia mlango wanafunzi wasio na pa kusomea, na watu wa Kawangware na Kibera wanaokwenda mahakamani bila wakili. Kila Alhamisi mzee alikwenda mjini kusoma hukumu mpya, na kila hukumu ya zamani iliyoguswa aliiandikia kibandiko kwa mkono wake mwenyewe: cha kijani ikiwa imefuatwa, cha njano ikiwa imetiliwa shaka, chekundu ikiwa imetenguliwa na mahakama ya juu. Ijumaa alasiri mlango ulifungwa, na kazi ya Shivachi, msaidizi wake, ilikuwa kuvibandika vibandiko hivyo pembeni mwa kurasa zinazohusika. Kitabu cha sheria kisicho na vibandiko, mzee alipenda kusema, ni sawa na ramani ya mto uliokwisha kuhama.

Vibandiko vya wiki kumi na moja vilikuwa ndani ya kopo la biskuti, havijaonja gundi. Jana mzee alisema kwamba Jumatatu angezikagua rafu. Ndipo Shivachi akalikumbuka kopo.

Mlango ulisukumwa. Nasipwondi aliingia, tepu ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni, kaunta buku limebanwa kwapani. Alikuwa fundi wa nguo huko Kawangware, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Hakuwa mrembo wa kugeuza shingo za watu barabarani. Alikuwa wa kutazamwa mara ya pili, kisha ya tatu, kisha mtazamaji akasahau alikuwa akisema nini.

"Niaje, karani," alisema. "Mbona uso umekauka hivyo? Hata chai hujanywa?"

"Poa tu."

Aliliweka kaunta buku mezani kama mtu anayeweka sufuria iliyoiva. Alisema ameyamaliza maelezo yote ya utetezi wake, ndiyo maana jana hakuja, na ameyanakili upya kwa wino mweusi, kurasa tisa, bila kufuta hata neno. Mteja mmoja alikuwa amekuja kudai sketi yake, akamwambia arudi baada ya Jumanne, kwa kuwa siku hiyo ndiyo ya kubishania kama yeye ni mtu huru ama mke wa mtu Bungoma. Alicheka aliposema hivyo. Shivachi hakucheka.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Miaka sita nyuma, Wepukhulu, baba yake Nasipwondi, alipokea ng'ombe kutoka kwa mwanamume aitwaye Walubengo, akampeleka binti yake kwa watu wa mwanamume huyo pasipo kumuuliza. Msichana alikaa siku nne, ya tano akatoroka. Ng'ombe hawakurudishwa, maana walikuwa wamekwisha kutolewa mahari ya mke wa kaka yake msichana. Sasa Walubengo alikuwa na wakili, na alimtaka hakimu atamke kwamba Nasipwondi ni mke wake wa kimila. Hakimu akitamka hivyo, hakuna kanisa wala ofisi ya serikali ambayo ingemwozesha mwanamume mwingine. Shauri lingesikilizwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na msichana hakuwa na wakili.

Alichokuwa nacho ni ukurasa wa mia mbili na kumi. Humo, majaji wa zamani walikuwa wameamua kwamba ng'ombe bila ridhaa ya msichana si ndoa. Aliupata mwenyewe, wiki yake ya tatu, akipitisha kidole kwenye faharasa herufi kwa herufi, Kiingereza cha kidato cha nne kikipambana na Kiingereza cha mahakama. Siku aliyoupata aliinuka akazunguka meza nzima. Utetezi wake wote ulisimama juu ya ukurasa huo, kama nyumba ya nguzo moja.

Shivachi alikitazama kile chekundu. Kilikuwa chepesi. Pumzi moja tu ingekipeperusha nyuma ya rafu, na nyuma ya rafu ile hakuna aliyewahi kufagia. Pengine wakili wa Walubengo alikuwa mvivu. Mawakili wavivu wapo. Msichana angeingia mahakamani kifua mbele, na pengine angeshinda, na akishinda angekuwa huru, na akiwa huru...

Hapo mawazo yake yalisimama, kwa sababu yalifika mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa akinufaika.

"Nasi," alisema, "keti kwanza."

Alimsukumia kile kipande cha karatasi. Nasipwondi alikisoma akiwa bado amesimama. Mwandiko wa Mzee Kavoi ulikuwa mdogo na ulionyooka: imetenguliwa, kisha jina la kitabu, kisha ukurasa, kisha tarehe. Hakuuliza maana ya rangi. Rangi hizo alifundishwa siku ya kwanza, na aliyemfundisha ndiye aliyesimama mbele yake.

"Hii ni ya kitabu gani?"

"Hicho."

"Ni ya hukumu yangu?"

"Ni yako."

Aliketi. Kwa muda alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya tepu. Kisha alikisoma kibandiko tena, na safari hii kidole chake kilisimama kwenye tarehe.

"Hapa ni mwezi wa tano. Leo ni wa saba."

"Ndiyo."

"Ijumaa ya wiki hiyo nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa."

"Na hii karatasi ilikuwa wapi?"

"Kwenye kopo. Ijumaa ndiyo siku ya kubandika. Ulipoanza kuja Ijumaa, sikubandika tena."

Ukweli wote ulikuwa huo. Siku nyingine Nasipwondi alikuwa na nguo za watu, na nafasi yake ilikuwa Ijumaa alasiri, wakati mlango unatakiwa kufungwa. Shivachi aliufungua. Aliketi upande wa pili wa meza, akamfafanulia maneno, akamletea vitabu ambavyo hakuviomba. Ijumaa ile ya mwezi wa tano aliikumbuka vizuri kuliko alivyopenda. Mvua ilinyesha, na Nasipwondi alijaribu kutamka msemo mmoja wa Kilatini mara tatu, mara ya tatu akajicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitambaa cha mteja. Shivachi alirudi Kibera kwa miguu akiwa amelowa, akiiona kuwa Ijumaa bora zaidi aliyopata kuishi. Ijumaa hiyohiyo kipande chekundu kiliingia koponi.

"Nilidhani unanifungulia mlango kwa sababu ya kesi," Nasipwondi alisema.

"Ilikuwa kwa sababu ya kesi."

"Wacha. Watu wangu waliniongopea kwa ng'ombe. Wewe usiniongopee kwa vitabu."

Shivachi alikuwa kijana mwenye kiburi, na maneno hayo yalimchoma mahali penye kiburi hicho. Alimjibu kwamba angeweza kunyamaza. Alimjibu kwamba karatasi hiyo angeitupa, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua, na kwamba aliyemwambia ukweli hastahili kuitwa mwongo. Alisema mengi, na sauti yake ilipanda kadiri alivyojua kwamba hana haki.

Nasipwondi alimsubiri amalize.

"Unataka nikushukuru?"

Walitazamana juu ya kitabu kilichofunguliwa, na mtu ambaye angepita mlangoni angedhani ni wapenzi wanaopatana. Macho ya msichana yalikuwa makavu. Kilichokuwa ndani yake hakikuwa hasira tu. Kulikuwa pia na namna ya kumpima mtu upya, kama fundi anavyompima mteja aliyekonda tangu kipimo cha kwanza.

"Kibandike," alisema mwishowe.

"Sasa hivi?"

"Kuna mtu mwingine anaweza kuja hapa na shida kama yangu. Kibandike."

Shivachi alipaka gundi. Kibandiko kikakaa upande. Nasipwondi alikinyoosha kwa ukucha. Kisha alifungua kaunta buku lake, akatafuta ukurasa wa nne, akapiga mstari mmoja mrefu wa biro kutoka juu hadi chini. Akapiga mwingine ukurasa wa tano, na mwingine wa sita. Wino mweusi ule safi ulilala chini ya mistari kama nyasi zilizokanyagwa.

"Nipe hiyo hukumu mpya iliyoitengua yangu," alisema. "Na usinisomee ule muhtasari wa juu. Wewe ndiye uliniambia muhtasari ni uso wa mtu, moyo uko ndani."

Hukumu mpya ilikuwa bado haijajalidiwa. Mzee Kavoi alikuwa na nakala yake katika kabati, ndani ya faili la kamba. Shivachi aliileta, akaketi kando, si mbele yake kama kawaida. Aliwahi kuwaza kwamba siku moja msichana huyu hatamhitaji tena ili kusoma, na alipowaza hivyo alijiona mkarimu. Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, na hakuhisi ukarimu wowote.

Majaji walikuwa watatu. Wa kwanza alisema hukumu ya zamani ilikosea. Wa pili alisema anakubaliana na mwenzake. Nasipwondi alisoma midomo ikicheza, akirudi nyuma, akiandika pembeni maneno asiyoyajua, akiyatafuta katika kamusi ya sheria yeye mwenyewe. Saa moja ilipita. Mwanafunzi mmoja alikuja kuomba kitabu cha mikataba, akapewa, akaondoka.

Jaji wa tatu ndiye aliyekuwa na maneno mengi, na maneno yake hayakuwamo katika muhtasari. Naye alikubali kwamba ndoa ile ilikuwa ndoa, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Alieleza desturi ya watu wa pande za Bungoma: msichana aliyepelekwa kuolewa hali chakula cha boma la mume mpaka mama mkwe amkabidhi kuku kwa mkono wake. Yule wa kesi ile alipokea kuku, akapika, akala. Jaji aliandika kwamba kinywa chake kilikubali kile ambacho baba yake alikuwa amekikubali kwa niaba yake. Kuku asingepokewa, aliongeza, yeye angeamua vingine, ng'ombe wawe wangapi.

Nasipwondi aliyasoma hayo mara mbili. Alilifunga faili, kidole kikiwa bado ndani.

"Mimi sikula," alisema.

Shivachi alimwacha aseme. Siku zile nne, alieleza, mama yake Walubengo alikuwa na ugomvi na mke mwenzake juu ya kuku atoke banda la nani. Kila mmoja alitaka heshima hiyo, na hakuna aliyetaka kumwachia mwingine. Siku ikapita, ya pili ikapita. Mezani paliwekwa chakula na yeye hakukigusa, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa. Aliyemlisha ni senge yake, dada wa baba, aliyetoka Kibera kwenda kumsindikiza. Alikuwa akimwita mtoni kuchota maji, na huko akimtolea ndizi za kuchoma zilizofichwa ndani ya leso, zilizonunuliwa kwa jirani.

"Nani anajua?"

"Mimi na senge."

"Na watu wa Walubengo?"

"Watasema nilikula. Hata baba amewaambia wazee nilikula."

"Basi lazima senge yako aje Jumanne."

"Senge hakupendi."

"Mimi siendi kumwomba anipende."

Jaji mmoja kati ya watatu haikuwa nguzo imara, lakini hawakuwa na nyingine; walinakili kurasa zake mbili kwa mkono, Shivachi moja, msichana moja. Saa sita Shivachi alifunga maktaba. Walitembea kwa miguu kupitia Dagoretti Corner, wakaifuata barabara ya Ngong, wakateremka Kibera. Nasipwondi alitangulia hatua mbili. Njia nzima hakugeuka, na kijana hakuomba ageuke. Alikitazama kisigino chake kilicholegea kikigonga na kuachia, na akawaza kwamba angekipigilia msumari mwenyewe laiti angekuwa na ruhusa ya kukishika kiatu hicho. Ruhusa hakuwa nayo. Katika wiki zote hizo hakuwa amemwambia neno hata moja ambalo mtu angeweza kuliita la mapenzi. Alikuwa amelipanga neno hilo lisubiri hukumu, kwa heshima, na pia kwa hofu, na hadi leo aliona ni heshima peke yake.

Senge alikuwa akiishi Sarang'ombe, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Elvis. Walimkuta nje ya mlango wake, kwenye kigoda, akikata sukuma wiki za wateja wa jioni. Alikuwa ameshika shada zima kwa mkono wa kushoto, kisu kikipita karibu na kidole gumba, na majani yakianguka katika karai membamba kama nyuzi. Alimwona Nasipwondi kwanza, uso ukafunguka. Alimwona Shivachi, ukafungika.

"Umekuja na mtu wa vitabu," alisema.

"Habari yako, Mama Elvis," Shivachi alimwamkia.

"Habari ni yako. Yangu nakata mboga."

Hata hivyo aliwapa pa kukaa, mmoja kwenye gunia la mkaa, mwingine kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbalimbali. Shivachi alipewa ndoo. Mama Elvis hakuwa mtu wa kuficha alichonacho moyoni. Alimuuliza kijana kama ni kweli anavitunza vitabu visivyo vyake, katika nyumba isiyo yake, na kama jioni anarudi chumba kisicho chake. Kijana alisema ni kweli. Mama Elvis alisema wanaume wa Isukha amewajua tangu utoto: wanalisha fahali vizuri kuliko wake zao, na fahali akishindwa wanalia kuliko walivyomlilia mama yao. Nasipwondi alijaribu kutocheka, akashindwa, na kicheko hicho kifupi ndicho kitu cha kwanza chema ambacho Shivachi alikisikia siku hiyo.

Kisha msichana alitoa zile karatasi mbili. Hakulia, hakupiga magoti, hakumtaja baba yake kwa ubaya. Alisoma maneno ya jaji wa tatu kwa Kiingereza, sentensi moja moja, na kila sentensi akaifasiri kwa Kibukusu, polepole, bila kumtazama Shivachi amsaidie. Alipofika kwenye kuku, kisu kilipunguza mwendo. Alipofika kwenye kinywa kilichokubali, kilisimama.

"Senge," alisema, "nilikula?"

Jirani alikuwa akimwaga maji. Mama Elvis aliyatazama maji hayo mpaka yalipofika mtaroni.

Alianza mbali. Alisema Wepukhulu ni kaka yake wa tumbo moja, na ndiye aliyemsomesha mpaka darasa la saba. Alisema Wepukhulu amekwisha kuwaambia wazee kwamba binti alikula, na mwanamke akisimama mbele ya hakimu akasema kinyume, amemvua kaka yake nguo sokoni. Alisema akienda nyumbani Krismasi hatapewa kiti. Hayo yote aliyasema kwa utulivu, kama mtu anayetaja mizigo kabla ya kuipandisha garini. Nasipwondi hakuyabishia hata moja.

"Nilikula, senge?"

"Hukula," Mama Elvis alisema. "Ungekula nini, na wale wanawake wanagombania kuku kama watoto? Ndizi ulizokula ni zangu."

"Utasema hivyo Jumanne?"

Mwanamke alirudia kukata. Alikata shada lote akalimaliza, akalifikia lingine, akalikung'uta maji. Alipoinua macho hakumtazama mtoto wa kaka yake. Alimtazama kijana.

"Nitakuambia shida yangu," alisema. "Mimi ni mtu wa kanisa. Nikishika Biblia siwezi kusema nusu. Yule wakili wa Walubengo si mjinga, hata kama ni mvivu. Ataniuliza, mama, huyu msichana anamkataa mume wake kwa sababu gani, kuna kijana mwingine Nairobi? Sasa nikikuona wewe umekaa pale kwenye benchi na hiyo shingo umeinyoosha kama jogoo, nitasema nini?"

"Hakuna kitu kati yetu," Shivachi alisema. "Sijamwambia..."

"Nyamaza." Kisu kilinyooshwa kidogo. "Hiyo ndiyo habari sitaki kuisikia. Ukiniambia hakuna, nitakutazama usoni na sitaamini. Ukiniambia kuna, nitaijua, na nikiulizwa nitaisema. Basi usiniambie. Na yeye usimwambie, maana akiambiwa naye ataulizwa, naye atashika Biblia hiyohiyo."

Shivachi aliinuka kwenye ndoo. Kiburi chake kilikuwa kimevumilia kutwa nzima, na sasa kilidai haki yake. Alisema yeye si mwizi hata ajifiche. Alisema ndiye aliyekosa, ndiye aliyeacha vibandiko koponi, na kwa hiyo ndiye anayepaswa kusimama pale Jumanne, amshikie karatasi, amtafutie ukurasa hakimu akiuliza. Nani atamtafutia ukurasa?

"Mimi," Nasipwondi alisema.

Alisema neno hilo kwa upole, na ndilo lililomketisha. Shivachi alitazamwa na macho yale yaliyompima asubuhi, na safari hii aliona kwamba kipimo kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa, ila hakikutajwa. Palikuwa na kitu hapo. Kilikuwa wazi kiasi kwamba Mama Elvis alijifanya kutafuta kitu chini ya karai.

"Utanitesa mpaka lini?" Shivachi aliuliza, na haikujulikana alimuuliza nani kati ya wale wawili.

Mama Elvis ndiye aliyejibu. Alisema hukumu husomwa hakimu apendapo, pengine wiki mbili, pengine mwezi, na mpaka siku hiyo kijana asikanyage Kawangware kwa fundi, wala mlango wa maktaba usifunguliwe Ijumaa. Msichana akihitaji kitabu atakwenda siku ya watu wote, mzee mwenyewe akiwepo. Kijana akiyakubali hayo, Jumanne saa mbili yeye atakuwa mlangoni mwa mahakama na leso yake nzuri, atasema habari za ndizi mbele ya yeyote, kaka yake awepo asiwepo. Akiyakataa, basi awaachie mboga zake, wateja wanakuja.

Nasipwondi aliinama akaanza kuziokota sukuma wiki zilizoanguka nje ya karai. Hakumhimiza. Hakumsaidia. Mgongo wake ulikuwa umeinama, na tepu ilikuwa imemteleza shingoni ikagusa vumbi.

Shivachi alisimama tena, taratibu, mikono ikiwa bado na gundi iliyokauka.

"Naahidi, Mama Elvis," alisema. "Mpaka siku hukumu itakaposomwa, sitamwambia huyu msichana wako neno lolote ambalo wewe utalazimika kulijibu mbele ya hakimu. Na siku ikisomwa, nitakuja hapa, nitaketi kwenye hii ndoo yako, nitalisema mbele yako, wewe wa kwanza kulisikia."